Fasihi ya baada ya ukoloni au ya diaspora: uchukue kozi ipi?

Vyuo vikifunguliwa, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni vijana niliowafundisha sekondari, sasa wako Iringa au Mbeya mjini wanasomea ualimu, na wamefika mahali pa kuchagua kozi za hiari. "Shikamoo mwalimu. Nimebakiwa na nafasi moja tu. Kuna fasihi ya Kiingereza ya baada ya ukoloni, halafu kuna ya diaspora. Nichukue ipi?" Swali hilo nimelijibu nikiwa ndani ya daladala, nikiwa shambani, na mara moja nikiwa kwenye foleni ya benki. Majibu ya namna hiyo huwa nusu nusu, kwa hiyo leo nimekaa kitako niyaandike.

Nianze kwa kusema nimesimama wapi. Nafundisha Kiingereza wilayani Rungwe. Chuo nilisoma Iringa, na darasani nilichukua ya baada ya ukoloni peke yake, kwa sababu ya diaspora iligongana kwenye ratiba na somo la ualimu ambalo lilikuwa la lazima. Ya diaspora nimejisomea mwenyewe tangu hapo, jioni baada ya kusahihisha madaftari. Moja niliisoma kwa ajili ya mtihani, nyingine kwa sababu nimeipenda, na mtaona ninakoegemea.

Majina yasikuchanganye. "Baada ya ukoloni" si lazima iwe kazi iliyoandikwa bendera ya mkoloni ikiwa imekwisha kushushwa. Chinua Achebe alitoa "Things Fall Apart" mwaka 1958, Nigeria ikapata uhuru 1960, na bado riwaya hiyo ndiyo ya kwanza kutajwa kwenye kozi hii. Kinachoangaliwa ni maandishi yanayojibizana na ukoloni: ardhi iliyochukuliwa, shule iliyoletwa, lugha iliyopandishwa cheo na ile iliyoshushwa, kisha watawala wapya waliokalia viti vya zamani. Neno "diaspora" nalo hapa kwetu limefinywa, mtu akilitaja tunamfikiria shemeji aliyeko Marekani anayetuma hela za kujengea. Asili yake ni Kigiriki, lina maana ya kutawanyika, na kwa karne nyingi lilitumika zaidi kwa Wayahudi. Darasani linawahusu pia Waafrika waliovushwa Atlantiki kwa utumwa, Wahindi waliopelekwa Karibi kwa mikataba ya kazi, wahamiaji na wakimbizi wa leo, pamoja na watoto wao waliozaliwa huko.

Kozi hizi zinagusana sana. Wapo wahadhiri wanaoiona ya pili kuwa tawi la ya kwanza, na sina ugomvi nao. Ila ukiziweka mbele ya kitu kimoja, utaona kila moja inakiuliza swali lake.

Chukua fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kutoka Iringa mjini hadi Kalenga ni mwendo mfupi, kilomita 15 hivi, na pale kwenye jumba dogo la makumbusho utaliona limehifadhiwa. Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Mkwawa akaendelea kupigana karibu miaka saba, na Julai 1898 akaona heri ajiue kuliko kukamatwa. Wajerumani wakachukua kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954, likiletwa na gavana Twining.

Mwanafunzi wa baada ya ukoloni akisimama pale atauliza: kwa nini Mwafrika arudishiwe kichwa cha chifu wake na mkoloni mwingine? Mwaka 1954, Mau Mau ikiwa inawaka Kenya, gavana wa Tanganyika alikuwa anatafuta nini kwa Wahehe? Maelezo ya mambo haya yaliandikwa na nani, kwa lugha gani, na nani hakuulizwa? Ni maswali makali, na ukiyazoea hutasoma tena kibao cha makumbusho kwa macho yale ya zamani.

Wa diaspora atauliza mengine. Kitu kilichokaa ugenini zaidi ya nusu karne kinaporudi, kinarudi mahali pale pale? Waliokipokea mwaka 1954 walikuwa wajukuu na vitukuu, je, walipokea mtu au walipokea kumbukumbu ya mtu? Na muda wote huo, nani alibeba hadithi yake?

Seti zote mbili za maswali nazipenda, lakini hazimfai kila mtu kwa wakati mmoja.

Tukija kwenye usomaji wenyewe, kozi ya baada ya ukoloni ina nadharia nzito, tena inaanza nayo mapema. Utakutana na Frantz Fanon, aliyeeleza jinsi ukoloni unavyoingia akilini mwa mtawaliwa, utakutana na Edward Said na kitabu chake cha 1978 kuhusu jinsi Ulaya ilivyojichorea picha ya Mashariki, kisha Gayatri Spivak na makala yake ya 1988 inayouliza kama mnyonge anaweza kusema akasikika. Homi Bhabha atakuumiza kichwa, sikufichi. Nilisoma aya zake nikizirudia hadi taa za bweni zikazimwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, atakupumzisha kwa sababu anaandika kwa uwazi, na hoja yake ya mwaka 1986 kwamba fasihi ya Afrika iandikwe kwa lugha za Afrika itakugusa moja kwa moja wewe Mtanzania. Kumbuka unaijadili hoja hiyo kwa Kiingereza, ndani ya nchi ambayo watoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha wakifika kidato cha kwanza wanageuziwa lugha. Hakuna darasa la London litakaloielewa hoja hiyo kuliko darasa la Iringa.

Kozi ya diaspora ina nadharia pia, akina Stuart Hall na Paul Gilroy, lakini kwa maoni yangu inaingilika kwa mlango wa hadithi. Unaanza na watu: vijana wa Karibi wanaotetemeka kwa baridi ya London katika riwaya ya Sam Selvon ya 1956, au Ifemelu wa Chimamanda Ngozi Adichie anayegundua kwamba yeye ni "mweusi" baada tu ya kufika Marekani. Nadharia inakuja baadaye kueleza ulichokwisha kukiona. Kwa mwanafunzi anayeogopa nadharia, hilo si jambo dogo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikuambiwa na mtu yeyote nilipokuwa nachagua.

Kwenye kozi ya baada ya ukoloni, Mtanzania anasoma majirani. Anasoma Nigeria, Kenya, Ghana, Zimbabwe, India. Wa kwetu wanaojitokeza kwa Kiingereza ni wachache: Peter Palangyo na riwaya yake ya 1968, Gabriel Ruhumbika na yake ya 1969, ambaye baadaye aligeukia Kiswahili. Sababu inajulikana. Mjadala wetu kuhusu uhuru, Ujamaa na viongozi waliotuangusha ulifanyika kwa Kiswahili, ndiyo maana akina Kezilahabi wako idara nyingine ghorofa ya pili na wewe uko ghorofa ya kwanza unasoma Lagos. Si vibaya. Lakini muhula mzima nilikuwa nasubiri kuona nchi yangu kwenye orodha ya vitabu, na haikuja.

Ilikuja kupitia diaspora. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, na akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. M. G. Vassanji alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, anaishi Kanada, na Kariakoo yake ya zamani ameiandika akiwa huko. Waliotuandika kwa Kiingereza kwa upana huo ni watu walioondoka. Kwa hiyo kozi inayoonekana kuwa ya mbali ndiyo iliyonirudisha nyumbani, na ile inayoonekana ya nyumbani ilinizungusha Afrika nzima. Laiti ningejua hilo mwaka wa pili.

Riwaya ya Gurnah ya 2020, "Afterlives", inataja vita vya Wahehe na kichwa cha Mkwawa kupelekwa Ujerumani. Niliposoma ukurasa ule nilikuwa nimeketi barazani Tukuyu, mvua inanyesha kama kawaida yake, nikafunga kitabu kwanza. Mtu wa Unguja aliyeko Uingereza alikuwa ananisimulia habari za barabara niliyopita kila likizo.

Kwenye "Paradise", iliyoingia orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka 1994, kijana Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri kufidia deni, na huko dukani anakutana na Khalil, ambaye anamtania kwa kumwita "kifa urongo". Msomaji wa Uingereza anahitaji maelezo. Sisi tuliokuwa tukienda kwa shangazi Kyela tuliugusa mmea huo kwa vidole vya miguu njiani, ukajikunja kama uliokufa, tukacheka. Neno moja tu, na mwandishi ameeleza unyonge wa Yusuf, ukimya wake, na kwamba bado yu hai. Riwaya hiyo imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la "Peponi". Ukizisoma zote mbili bega kwa bega utajifunza uhakiki kuliko mihadhara mitatu.

Halafu kuna babu yangu mzaa mama. Babu hakusema kwamba aliwahi kufanya kazi Johannesburg, alisema alikwenda Wenela, kwa jina la shirika lililoandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Vijana wengi wa Rungwe walikwenda hivyo enzi za mkoloni, wengine Afrika Kusini, wengine migodi ya shaba ya Kopabeti, Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya sasa. Alirudi na sanduku la bati, blanketi zito, na maneno ya Kifanagalo, ile lugha ya mgodini. Hadi anafariki alikuwa akifukuza mbuzi kwa kusema "hamba!" Ndani ya kifuniko cha sanduku aliikwaruza namba yake ya kazi kwa msumari. Mwaka aliozaliwa hakuujua, namba ile aliitaja bila kukosea.

Je, babu alikuwa diaspora? William Safran, kwenye makala yake ya 1991, anatazamia watu waliotawanyika wakiwa na kumbukumbu ya kwao na tumaini la kurudi. Robin Cohen, 1997, anatenga diaspora za waathirika, za vibarua, za wafanyabiashara na nyinginezo. Babu anaingia kidogo, anatoka kidogo, kwa sababu alirudi. Lakini alirudi na mgodi kinywani. Hapo pana tasnifu nzima, mdogo wangu, na watu wa kuhojiwa wanazidi kupungua kila mwaka. Ukanda wetu umejaa mambo ya namna hiyo: Ifunda walikaa wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita vya Pili, reli ya TAZARA imetupitisha hadi Kapiri Mposhi tangu miaka ya 1970, na Mbeya mjini tuna mtaa unaoitwa Soweto. Anayesema diaspora ni habari za watu wa pwani na wa Ulaya hajatazama chini ya miguu yake.

Baada ya kusema hayo, nisiionee kozi yangu ya kwanza, maana kwa kazi ya ualimu imenilisha. Vitabu vilivyofundishwa sekondari kwa miaka mingi, "Weep Not, Child", "The Lion and the Jewel", "Song of Lawino", vinafunguka kwa funguo zake. Mwanafunzi akiuliza kwa nini Ocol, mume wa Lawino, analitukana jiko la mkewe, jibu lipo kwa Fanon, na unaweza kulisema kwa maneno ya kidato cha tatu. Mwalimu asiye na msingi huo anaishia kuwaandikia watoto orodha ya dhamira ubaoni, nao wanaikariri.

Lakini funguo hizo zina mlango zisioufungua. Nilikuwa nafundisha "The Dilemma of a Ghost" ya Ama Ata Aidoo, tamthilia ambamo Ato, Mghana aliyesoma Marekani, anarudi nyumbani na mke Mmarekani mweusi, Eulalie, na bibi yake Ato anaomboleza kwamba mjukuu kawaletea uzao wa watumwa. Nilikuwa nimejiandaa vizuri: mgongano wa mila, elimu ya kikoloni, nafasi ya mwanamke. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama babu zake Eulalie walichukuliwa kutoka huko huko, si ni mjukuu amerudi? Mbona hawampokei kama wao?" Nilisimama na chaki mkononi. Daftari langu la chuo halikuwa na jibu. Swali la yule binti ndilo lililonipeleka kwa Gilroy na Hall, na somo lile nilikuja kulirudia wiki mbili baadaye.

Upande wa vitabu, tuseme ukweli, kozi ya baada ya ukoloni ni nafuu. Vitabu vya mfululizo wa African Writers wa Heinemann, ulioanza 1962, vimezagaa: maktaba, kwa walimu wa zamani, kwa wauza mitumba ya vitabu. Riwaya za diaspora nyingi ni mpya, zinaagizwa nje, na bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, haliwezi kuzifikia. Hapo ndipo watu hukimbilia madesa, yaani muhtasari na notsi za kunakili. Nakuomba usimalize kozi ya diaspora kwa madesa, kwa sababu uzito wake uko kwenye namna hadithi inavyosimuliwa, kumbukumbu inavyokwenda mbele na kurudi, na muhtasari unaua hilo. Mimi steshenari moja ilinitolea kopi ya riwaya iliyokosa kurasa 16 katikati. Nilifanya mtihani, nikafaulu, na baada ya miaka minne ndipo nikajua kwamba mhusika niliyemlaumu kwenye insha yangu alikuwa ameomba msamaha ndani ya kurasa zile. Mchangiane watatu mnunue kimoja kizima.

Kuhusu alama, wanaoniuliza ipi inatoa A kirahisi nawaambia hivi: ya kwanza humlipa anayeshika dhana na kuzitumia kwa mpangilio, ya pili humlipa anayesoma polepole na kuona maneno. Jijue.

Basi ushauri wangu. Kama hujawahi kugusa nadharia ya ukoloni mahali popote, na unakwenda kufundisha sekondari, chukua ya baada ya ukoloni. Bila hiyo utaisoma diaspora kama mkusanyiko wa hadithi za huzuni za watu wenye viza, na utakosa kuona nani aliyezichora njia hizo wanazopita. Kama fasihi ya Afrika ya mwaka wa kwanza na wa pili imekwisha kukupa Fanon, Achebe na Ngũgĩ, usirudie chakula kile kile kwa sahani nyingine, chukua diaspora. Na kama unawaza tasnifu, au shahada ya pili, na kwenu kuna sanduku la bati la mtu aliyewahi kwenda Wenela au Kopabeti, wala usifikirie mara mbili, chukua diaspora, kisha uende nyumbani na kinasa sauti kabla wazee hawajamalizika.

Kwa ambaye bado anasita, kuna jaribio ninalowapa wote wanaonipigia, na linachukua jioni mbili. Azima "Weep Not, Child" ya Ngũgĩ na "By the Sea" ya Gurnah. Ya kwanza inaanza na mama akimuuliza mwanawe kama angependa kwenda shule, na ndani ya swali hilo dogo kuna ardhi iliyopotea na tumaini la ukoo mzima. Kwenye ya pili, mzee anatua uwanja wa Gatwick kwa jina lisilo lake, na kijisanduku cha udi kwenye mzigo, akijifanya hajui Kiingereza. Soma kurasa 30 za kila kimoja, kisha ukiwa unapika au unafua, angalia ni yupi unayemuwaza, mtoto au mzee. Ila fanya hivyo wiki hii, dirisha la usajili wa kozi halisubiri mtu, na "By the Sea" ya maktaba mara nyingi huwa ni nakala moja.